Wanyama Waliokuwa Wakienda Kwao

Mwezi uliopita nilimfikisha binti yangu shuleni mapema kuliko kawaida, tukakuta wametoka kupaka sakafu ya ukumbi polishi. Mlango ulipofunguka harufu ile ikanijia puani, nta iliyochanganyika na ubaridi wa jumba kubwa, nami nikasimama pale pale na kibeti chake cha chakula mkononi nikashindwa kuingia. Akanivuta. "Mama, twende." Nikamwambia atangulie. Baba yangu alikuwa amezikwa juzijuzi tu, na kule, baada ya maziko, nilikuwa nimeshughulika na wageni na sufuria hata kilio changu kikabaki ndani. Basi kikanitokea pale, mbele ya bango la kuwafundisha watoto kunawa mikono.

Ninyi mliokulia katika mji huu wakati mmoja nami nadhani kila mmoja ana harufu yake. Mwingine ni koti la mama lililolowa mvua, limeanikwa juu ya redieta ya kupashia nyumba joto. Mwingine ni chipsi na siki. Yangu ni polishi ya sakafu, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya nyumbani kwa baba.

Tulihamia Birmingham kabla sijaanza shule. Mama ni nesi, na hospitali moja ya huku ilimwajiri. Baba alikuwa karani wa stesheni ya reli kule Voi. Aliacha kazi, akafunga mizigo, akamfuata mkewe. Karatasi za kuishi hapa zilikuwa za mama. Za baba ziliandikwa chini ya za mama, kwa kuwa ni mumewe na anaishi naye. Tulipanga ghorofa ya juu ya nyumba moja Acocks Green, ambapo dirisha la jikoni lilitazama reli, na baba alipokuwa akiosha vyombo aliweza kukuambia treni ipi imechelewa.

Mwanzoni nyumba ilikuwa na vicheko. Mama akiwa zamu, baba alipika, akanivisha, akanisuka nywele mistari iliyopinda hata mwalimu akaniuliza ni nani aliyenisuka. Baadaye alipata kazi ya kupakia maboksi kwenye ghala huko Aston. Kanisani tulikuwa Wakenya na Wakongomani tuliochanganyika, na baada ya ibada watu wazima walikunywa chai wakitaniana. Baba wakamwita "mume wa Sista", kwa ule unesi wa mama. Naye alicheka kwanza kuliko wote. Lakini tukiwa ndani ya basi kurudi nyumbani, alitazama nje hadi tukashuka.

Kisha yakaanza maneno nyuma ya ukuta. Nililala na kichwa kwenye ukuta ule, kwa hiyo niliyasikia.

"Mimi si mzigo wako."

"Nani amekuita mzigo, Baba Wakesho?"

"Si lazima uniite."

Jumapili moja baba alichukua begi lake la kijani, akanibusu utosini, akatoka. Nilidhani ameitwa zamu. Mama alikuwa akipiga pasi sare yake na hakuinua macho. Leo, nikiwa na ndoa yangu mwenyewe, naielewa ile Jumapili. Baba alitoka ili aitwe. Mama naye alilelewa na mama asiyemwita mtu aliyeondoka kwa miguu yake mwenyewe. Kila mmoja alimngoja mwenzake, wala hapakuwa na mwingine kati yao. Hapakuwa na mwanamke, hapakuwa na pombe, hapakuwa na kofi. Kulikuwa na kungojana tu.

Wakakubaliana, sijui kupitia kwa nani, kwamba Jumamosi ni ya baba. Mama alinipeleka hadi mlangoni pa stesheni ya Acocks Green. Baba alikuwa amekwisha kufika na kusimama kando ya mashine ya tiketi, kofia mkononi.

"Ana kikohozi kidogo."

"Nimesikia."

"Asivue sweta."

"Hatavua."

Mazungumzo yao yalikuwa hayo. Yalihusu kikohozi, sweta, na viatu vinavyobana. Nilipogeuka baada ya kupita geti nilimwona mama bado amesimama, na nilipomtazama baba niliona hakugeuka.

Baba hakuwa na pahali pa kunipeleka. Hilo sikulijua wakati ule. Alikuwa amepanga chumba Aston pamoja na wanaume wawili, karibu na uwanja wa mpira, na mwenye nyumba hakutaka kuona mtoto mle ndani. Bustanini mvua ilitunyeshea. Mkahawani ulitakiwa kununua kitu kila baada ya muda. Basi Jumamosi moja ya baridi kali tukapanda ngazi za jumba la makumbusho katikati ya mji, kwa sababu kuingia kulikuwa bure, ndani kulikuwa na joto, na hakuna aliyeuliza utatoka saa ngapi.

Mlangoni alikaa mama mmoja wa Kizungu, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa mnyororo. Baba alimwita Bi Gloria. Alipotuona aliinuka kitini, akatabasamu, akamwambia baba, "Karibu ndani, bab."

Mnaoishi hapa mnajua. Watu wa Birmingham humwita "bab" mtu yeyote wanayempenda, awe muuza mboga au dereva wa teksi. Mimi nilikuwa mtoto wa Kiswahili niliyeanza kupata Kiingereza. Nilisikia "Baba". Nikashangaa. Mama huyu mzima, mwenye funguo kiunoni, anamwita baba yangu Baba, na anainuka anapoingia! Juma lililofuata akamwita vilevile. Na lililofuata. Akilini mwangu mambo yakapangika sawasawa. Jumba hili ni la baba. Alipoondoka na begi la kijani alihamia huku.

Na nyumba ilikuwa nzuri mno. Ngazi za mawe pana, ambazo wangepita watu kumi wakiwa wameshikana mikono. Sakafu inayong'aa na kunukia polishi. Vyoo vyenye milango mingi. Shuleni nilichora nyumba yenye nguzo mbele, nikamweka baba dirishani. Msichana mmoja akasema amewahi kuingia mle na bibi yake. Nikamjibu kwamba baba huwakaribisha watu wote.

Siku moja nilimuuliza, "Wewe unalala wapi?"

Baba alinitazama. Nadhani ndipo alipofahamu ninachokiamini. Aliinua kidevu kuelekea dari. "Juu," akasema.

Hakunisahihisha. Kwa miaka mingi nilidhani aliona ni mchezo. Sasa nafikiri alikuwa amekiona upya kile chumba cha Aston, na magodoro yake matatu.

Ghorofani kulikuwa na chumba kidogo chenye mwanga hafifu, na humo tulikaa zaidi kwa sababu kilikuwa na benchi na watu hawakupenda kukiingia. Kuta zilijaa michoro ya zamani ya wino mweusi, midogo, isiyo na rangi. Mmoja wao ulikuwa mbele ya benchi letu hasa. Nimeusoma ukubwani, kwa hiyo naweza kuwaeleza. Ni kazi ya zile enzi ambazo wachoraji wa Ulaya hawakutaka kitu chochote kitulie, kila nguo ipeperuke na kila mwili ujipinde. Mchoraji alikwaruza kwa sindano juu ya bamba la shaba lililopakwa nta, tindikali ikala ile mikwaruzo, wino ukajaa ndani yake, karatasi ikagandamizwa juu. Jina lake halikujulikana. Utotoni sikujua lolote kati ya hayo. Niliona wanyama wanaokimbia.

Katikati alikuwepo kulungu dume mwenye pembe kama matawi, ameruka, miguu ya mbele haijagusa kijito kilichokuwa chini yake. Shingo ameigeuza nyuma. Kando yake farasi asiye na mtu, mkia juu. Chini kwenye majani sungura wawili wamejinyoosha kama ndala zilizorushwa. Nyuma yao mbwa, wengi, wamepandana, midomo wazi, masikio yamelala kwa upepo. Manyoya yao yalikuwa mistari mifupi mifupi iliyokwenda upande mmoja, na ukitazama sana mistari ile ilianza kusogea.

"Wanaenda wapi?" nilimuuliza baba Jumamosi ya kwanza. Niliuliza kwa Kiingereza, kwa kuwa nilikuwa nimeanza kujibu kila kitu kwa Kiingereza.

"Wanaenda kwao," akanijibu kwa Kiswahili.

"Kwao ni wapi?"

"Huko. Nje ya karatasi."

"Mbona mbwa wamefungua midomo?"

"Wanaimba. Safari ni ndefu."

"Na huyu mwenye pembe, mbona anatazama nyuma?"

Baba akamtazama kulungu kwa makini kana kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kuliona hilo. "Anaangalia kama wote wapo," akasema. "Hataki kumwacha mtu."

Nilimpenda kulungu yule kuliko mwanasesere yeyote. Niliamini kwamba katikati ya juma, nikiwa shuleni, walisogea. Kila Jumamosi nilikaribia kioo na kupima kwa jicho nafasi iliyobaki kati ya kwato na maji, na baadhi ya siku niliapa kwamba imepungua. Baba alikubali. "Wamejitahidi juma hili," alisema. Halafu alifungua karatasi ya foili kimyakimya akanipa kipande cha chapati, ijapokuwa kula kulikatazwa, na Bi Gloria akipita alitazama dirisha.

Yalikwenda hivyo majira ya baridi yote. Siku moja tukaingia tukakuta kwenye ukuta ule pametundikwa bakuli la matunda.

Nilipiga ukelele. Bi Gloria alikuja mbio, akainama, akanieleza taratibu, na maneno yake nayakumbuka kwa sauti yake. Wino huu ni wa zamani, mpenzi. Karatasi ni dhaifu. Ikikaa kwenye mwanga muda mrefu inaumia, kwa hiyo tunaitoa ikapumzike gizani. Ikishapumzika itarudi.

Nikamgeukia baba. Alikuwa bado anayatazama yale matunda.

"Wamefika," akasema.

Muda si mrefu baada ya hapo, mama hakunikabidhi mlangoni kama ilivyokuwa desturi. Alinishika mkono tukaenda hadi jukwaa la treni, na tukasimama sote watatu, mimi katikati.

"Baba Wakesho, wale watu wa karatasi wameniuliza tena kama unaishi kwangu," mama akasema. Alitazama reli.

"Ukasemaje?"

"Nimewaambia nitawajibu Jumatatu."

Baba alipiga goti akafunga kamba ya kiatu changu, ambayo haikuwa imefunguka. "Wajibu ukweli."

"Ukweli ni upi?"

"Si wewe unaujua?"

Mama alifungua mdomo. Treni ikaingia, na kelele zake zikajaza pale pote, na ilipotulia milango ikafunguka na mama alikuwa ameufunga mdomo wake. Mimi nilidhani wanazungumzia swali la shule, lile ambalo ukilijibu vizuri unabandikiwa nyota. Ndani ya treni nilimwambia baba kwamba mama ana akili, atalipata. Baba akasema, "Atalipata."

Mama alijibu kwamba mumewe haishi kwake, na ndivyo ilivyokuwa. Karatasi za baba zikafutwa. Akapewa muda wa kuondoka.

Aliniambia kwenye benchi letu, mbele ya matunda. "Mama mdogo," akasema, maana aliniita hivyo akitaka kunibembeleza, jina langu likiwa la mama yake, "nami nakwenda kwetu. Voi. Natangulia."

"Njia ile ile ya wanyama?"

"Njia ile ile."

Hapo ndipo panaponiumiza hadi leo. Sikuhuzunika hata kidogo. Nilifurahi. Kulungu amefika, baba anafuata, na Bi Gloria amesema wakishapumzika watarudi. Nilimwambia baba amsalimie kulungu na amwulize kama maji yalikuwa baridi. Baba akanikumbatia, na kumbatio lile lilikuwa refu hata nikaanza kujinasua kwa kuwa kifungo cha koti lake kilinichoma shavuni. Bi Gloria alisimama mlangoni. "Uko salama, bab?" akauliza. Baba alitikisa kichwa bila kugeuka, wala sikuelewa kama ni ndiyo au la.

Jioni ile stesheni ya Acocks Green wazazi wangu waliagana kwa kupeana mikono. Mke na mume. Walipeana mikono kama watu wanaotoka ibadani.

"Safari njema."

"Asante. Nitunzie mtoto."

Kisha nikaanza kungoja. Kila Jumamosi nilimlilia mama anipeleke makumbusho, na mama, ambaye mara nyingi alikuwa ametoka zamu macho yamemvimba, alinipeleka. Hakujua kitu. Alijua kwamba baba alinipeleka "mjini". Alidhani nimeumbwa na kipaji, na kanisani aliwaambia wenzake kwa fahari, "Wakesho wangu anapenda sanaa, jamani." Alikaa kwenye benchi, akasinzia amekumbatia mkoba, na mimi nikaukagua ukuta. Bakuli la matunda likatoka. Ikaja sura ya mzee mwenye kola. Mzee akatoka. Ikaja meli. Nilianza darasa lingine, nikang'oka meno ya mbele, yakaota mengine, na mimi bado nakagua.

Halafu wakawa wamerudi.

Niliwaona kutoka mlangoni. Kulungu, farasi, sungura, mbwa na midomo yao. Sikuwakaribia. Nilimwachia mama mkono nikakimbia.

"Baba!"

Nilikimbia chumba cha pili, cha tatu, chumba cha vyungu, chumba cha vinyago. Nilishuka ngazi za mawe nikapanda tena. Niliingia vyoo vya wanaume nikasukuma milango mmoja mmoja. Nilitazama nyuma ya mapazia ya mkahawa. "Baba! Baba! Nimekuja!" Watu waligeuka. Mtu mmoja alijaribu kunishika bega nikamponyoka. Niliuona mlango ulioandikwa kwamba wageni hawaruhusiwi, nikaugonga kwa ngumi zote mbili, kwani nilijua nyuma yake ndiko zilikokuwa ngazi za kwenda juu, anakolala.

Mama alinipata pale. Bi Gloria alikuwa naye, anahema, miwani imemning'inia kifuani.

"Wakesho, una nini? Baba yupi? Baba yuko Kenya."

"Amerudi! Wanyama wamerudi, naye amerudi. Hii ni nyumba yake. Amelala juu."

Mama alimtazama Bi Gloria. Bi Gloria alimweleza kwa sauti ya chini. Alimweleza kuhusu bwana mpole mwenye kofia, aliyekuwa akija na mtoto kila Jumamosi tangu jumba linapofunguliwa hadi linapofungwa, na jinsi walivyokaa muda mrefu kwenye kile chumba cha juu, na zile chapati. Mama alisikiliza hadi mwisho. Kisha akanishika mkono, tukarudi ghorofani, akaketi kwenye benchi mbele ya wanyama.

"Hapa ndipo alipokuwa akikuleta?"

"Ndiyo."

"Kila siku hapa?"

"Ndiyo. Nyumbani kwake."

Mama alisimama akasoma kibao kidogo kilichokuwa chini ya fremu. Midomo yake ilicheza. "Kumbe wanawindwa," akasema, kama mtu anayejisemea.

"Hapana. Wanaenda kwao."

"Mwanangu, hawa mbwa wanamfukuza huyu kulungu. Imeandikwa hapa."

"Wanaimba. Baba amesema."

"Na huyu anayetazama nyuma, baba alisema anafanya nini?"

"Anaangalia kama wote wapo. Hataki kumwacha mtu."

Mama alikaa chini. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya siku ile. Hata baba alipotoka na begi, hata simu ilipoleta habari za kifo cha babu, hakulia mbele yangu. Sasa alilia mdomo wazi, mikono imelala mapajani viganja juu, na mimi niliogopa sana hata nikaanza kumfuta kwa sweta langu. Nikamtazama tena kulungu nikiwa nimesimama pale. Niliona jicho lake. Lilikuwa jeupe pembeni. Niliona jinsi lile jino la mbwa wa mbele lilivyokuwa karibu na paja lake, unene wa mstari mmoja tu wa sindano. Yalikuwepo siku zote, yamechorwa wazi kabisa, na baba aliyeweza kusoma kibao kama mtu mwingine yeyote alikuwa ameyaona tangu siku ya kwanza.

Tulitoka tukakaa kwenye ngazi za nje. Mtazikumbuka zile kadi za simu za kukwangua, zilizouzwa madukani pamoja na unga wa ugali. Mama alikuwa na moja mkobani. Aliikwangua kwa sarafu, akabonyeza zile namba ndefu, akakosea, akaanza upya. Simu ya Voi iliita kwa jirani. Jirani akamwita baba. Mama aliweka simu kati ya masikio yetu mawili.

"Haloo? Mama Wakesho? Kuna nini? Mtoto mzima?"

"Mtoto mzima," mama akasema. Akavuta pumzi. "Rudi."

Nilisikia jogoo wa kule.

"Baba Wakesho, umenisikia? Nimesema rudi."

"Nimesikia," baba akasema, na sauti yake ilikuwa imekuwa ndogo. "Ungeniambia pale stesheni."

"Nawe ungeniuliza."

"Ningekuuliza," baba akasema. "Kweli. Ningekuuliza."

Kisha mashine ikatuambia kwamba dakika zinakwisha.

Alijaribu kurudi. Alisafiri hadi Nairobi, akajieleza dirishani pa ubalozi wa Uingereza, wakamnyima. Waliandika kwamba hawajaridhika kuwa ndoa ni ya kweli, kwa kuwa mke mwenyewe alikwisha kusema hawaishi pamoja. Akajaribu tena, wakamnyima tena. Mama alisema atarudi yeye, mwakani, nikimaliza msingi. Kisha nikimaliza sekondari. Nyumbani kwao kulikuwa na watu wengi waliokula kwa mshahara wa zamu zake, na mwakani ilikuwa siku zote mwakani. Tulikwenda mara moja tu, nilipokuwa msichana mkubwa. Baba alitupokea stesheni ya Voi, ana mvi. Alizungumza nami na mimi nikamjibu kwa Kiingereza. Akacheka, lakini niliona anainama ili asikie vizuri maneno ya bintiye mwenyewe. Niliporudi Birmingham niliamua kwamba hatainama tena. Kila Jumamosi nilimpigia simu, na nilijifunza upya kwake, neno kwa neno, lugha hii ninayowaandikia. Alinisahihisha ngeli kwa upole mkubwa. Kuhusu wanyama hatukuzungumza kamwe. Nilitaka kumuuliza mara nyingi. Niliogopa kwamba ataomba radhi.

Alianguka akiwa bustanini mwake, asubuhi, hakuamka tena.

Tulipanda ndege mama na mimi. Kwao baba ni milimani, juu ya Voi, na tulifika mahema yamekwisha kupigwa na vipaza sauti vinalia. Mama alikataa kwenda mbele. "Watu wa huku wananijua mimi ni yule aliyemfukuza," akasema. Tulikaa safu ya nyuma kabisa, kati ya majirani, yeye amevaa nguo nyeusi aliyonunua kwa haraka, mkoba mapajani, ameushika kwa mikono miwili. Mbele, karibu na jeneza, wameketi ndugu. Kati yao palikuwa na kiti kimoja kitupu. Asubuhi yote niliona watu waliochelewa wakisimama juani bila kukigusa, nikadhani wamemwekea chifu.

Msemaji alishika maikrofoni. Alitaja kaka, dada, wapwa. Kisha akasita. "Na tunamwomba mjane," akasema, "kama yupo, ajitokeze tumwone."

Hakuna aliyetikisika. Nilimtazama mama. Alikuwa ametazama chini. Msemaji akakohoa, akawa anafungua ukurasa mwingine.

"Yupo," mama akasema.

Sauti haikufika. Msemaji akauliza, "Nani mwenzangu?"

Mama akainuka. Aliinuka polepole kama mtu aliyebeba kitu kichwani. "Mimi hapa," akasema kwa nguvu. "Mimi ni mkewe."

Vichwa vikageuka safu baada ya safu. Kutoka mbele akatoka shangazi Mghoi, dada yake baba, mzee sasa, akitembea kwa mkongojo hadi alipotufikia. Nilijua atasema jambo, nikajiweka tayari kumkinga mama. Shangazi akamfunika mama leso yake mabegani.

"Tumekungoja tangu asubuhi," akasema. "Kiti chako kile pale. Alituambia angali mzima tukiweke siku yake ikifika, na usipokuja kisikaliwe na mtu."

Akamshika mkono, wakaenda kati ya watu. Mama alifika mbele, akakitazama kiti, akaketi. Na ule mkoba aliokuwa ameukumbatia tangu uwanja wa ndege wa Birmingham, akauweka chini kwenye vumbi, akaweka kiganja juu ya jeneza.